Siku Kadi Yangu Ilipompa Ng'ombe Miguu Sita

Hili jambo nimewaficha watoto wangu miaka mingi, na wajukuu ndio wamelifukua, kwa sababu walikutana na mzee mmoja pale Molo mjini akawauliza, "Ninyi si ndio wa nyumbani kwa Mwalimu Miguu Sita?" wakarudi mbio kuniuliza kama babu yao aliwahi kuwa mchawi. Sikuwa mchawi. Nilikuwa mwalimu kijana wa miaka ishirini na moja, mwenye tai moja na kiburi cha tai kumi, na nikaaibika mbele ya wazazi, wanafunzi, mwalimu mkuu na supavaiza, wote wamekaa wananitazama, na tumboni nina nyama ya kondoo ambayo sikustahili hata mfupa wake. Acha niwaeleze mwenyewe, kwa sababu wengine wakiwaeleza wataongeza chumvi, na chumvi iliyomo inatosha.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Mimi nilizaliwa Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yangu akifanya kazi karakana (sisi ni watu wa magharibi, lakini magharibi kwenyewe tulikuwa tukienda Krismasi tu), na nilipomaliza chuo cha ualimu nikapelekwa kufundisha shule ya shamba karibu na Molo, kwenye shamba la mzungu la maua ya pareto na ng'ombe wa maziwa, mahali pa baridi ya kukufanya uandike ubaoni umevaa koti na bado chaki inatetemeka. Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mbao vyenye paa la mabati. Jumapili kimoja kiligeuka kanisa. Walimu tulikuwa wawili tu, mimi na mwalimu mkuu, Mwalimu Zakaria, mtu mzima, mpole, ambaye alisahihisha kila kitu kwa kalamu yake nyekundu polepole kama mtu anayechambua mchele.

Sasa mimi kutoka chuoni nilikuwa nimetoka na ugonjwa wa mitihani. Tulikuwa na mkufunzi aliyetufundisha aina zote za kupima watoto, nami nikazinakili kwenye daftari kwa wino wa rangi mbili: kuna maswali ya kuwauliza kabla hujafundisha ili ujue wanajua nini, kuna ya kuwauliza katikati ili ujue kama wanakufuata au wamelala, kuna ya mwisho ya kuamua nani apande, kuna ya mdomo, kuna imla, kuna hesabu za kichwa, kuna insha, na kuna haya mapya ya kuchagua jibu ambayo mkufunzi alisema hayana upendeleo hata chembe, kwa sababu atakayesahihisha, awe baba wa mtoto au adui yake, alama zitatoka zile zile. Hayo ya mwisho ndiyo niliyoyapenda. Mkufunzi alisema pia kwamba hakuna aina moja inayotosha peke yake, lakini siku hiyo nadhani nilikuwa nachonga penseli.

Darasa la nne lilikuwa na watoto arobaini na wanne. Naliita darasa la watoto, lakini mmoja wao, Kiplangat, alikuwa na miaka kumi na saba na sauti nzito kuliko yangu, alikuwa akikamua ng'ombe wa mzungu alfajiri halafu anakuja shuleni akinuka maziwa, anakaa nyuma kabisa, hasemi kitu, na daftari lake la hesabu lilikuwa limejaa alama zangu nyekundu za X kwa sababu alikuwa akifanya hesabu vizuri mpaka mstari wa mwisho halafu anaharakisha kwenda kukamua ng'ombe wa saa nane. Mbele kabisa alikaa Wairimu, miaka kumi na miwili, binti ya mama mmoja mchuma pareto, na huyo hata ukimuuliza usingizini angekujibu. Imla alikuwa wa kwanza, hesabu za kichwa wa kwanza, na insha zake nilikuwa nikizisoma mara mbili, ya pili kwa raha yangu tu.

Shule yetu iliishia darasa la nne. Baada ya hapo, aliyepata nafasi alikwenda shule ya kati ya bweni upande wa Bahati, na aliyekosa alichukua kikapu akaingia kwenye pareto. Mwaka ule tuliletewa barua kwamba shamba letu limepewa nafasi moja. Moja tu, ya mvulana au msichana, na jina lipatikane kabla supavaiza hajafika Jumatatu ya wiki inayofuata.

"Mwalimu Wafula," mwalimu mkuu akaniambia, "mimi ningechukua alama za mwaka mzima tukazijumlisha, tukawapa na insha moja, tukaamua."

Hapo ndipo nilipoamua ule uamuzi mdogo ulioniponza. Insha arobaini na nne ni siku mbili za kusahihisha, na Jumamosi hiyo kulikuwa na mpira Nakuru, timu ya reli na timu ya mjini, na kaka yangu alikuwa anacheza winga ya kushoto, na kibali cha kutoka shambani nilikuwa nimeshakipata kiko mfukoni. Nikakohoa, nikanyoosha tai, nikasema, "Mwalimu Mkuu, kuna njia ya kisasa."

Alhamisi nikatunga maswali arobaini ya NDIYO na SIYO. Kila swali lilikuwa sentensi moja, na pembeni kuna maneno mawili, NDIYO kushoto na SIYO kulia, mtoto anatia alama kwenye moja. Karani wa shamba akanichapia kwa mashine ya ofisi. Juu ya karatasi nikaandika maagizo kwa ufupi wa mtu aliyesoma: "Weka X kwa kila swali." Basi. Mengine niliwaeleza kwa mdomo Ijumaa asubuhi, kwamba X iwekwe kwenye jibu lililo kweli, wote wakasema ndiyo Mwalimu, na dakika kumi baadaye mlango ukafunguliwa akaingia Kiplangat, matope mpaka magotini, akasema kuna ng'ombe alikuwa anazaa akamzuia. Nikampa karatasi. Nikamwambia, "Soma maagizo." Akasoma, akatazama ubao, akanitazama mimi, akakaa.

Sasa ile kadi. Niliikata kutoka kwenye boksi la sabuni, upana wake sawasawa na ile sehemu ya majibu, nikaitoboa matundu arobaini kwa msumari wa moto, kila tundu mahali penye jibu la kweli, ili nikiilaza juu ya karatasi ya mtoto nione tu kama kuna X ndani ya tundu au hakuna. Watoto waliiita kichungi. Pande zote mbili za boksi zilikuwa na rangi moja ya kahawia, na mimi sikuandika juu ni wapi na chini ni wapi, kwa sababu nani asiyejua kadi yake mwenyewe?

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikasahihisha karatasi arobaini na nne kwa muda usiofika saa moja. Nilikuwa napiga mluzi. Nilipofika kwa Wairimu mluzi ulikatika, maana kichungi kilinionyesha mbili. Mbili kati ya arobaini! Nikailaza tena kadi, mbili. Nikajiambia labda alikuwa mgonjwa, labda aliogopa, labda kumbe siku zote tulikuwa tukimpendelea kwa sababu ya mwandiko wake mzuri (mnaona nilivyokuwa tayari kumshuku mtoto kabla ya kukishuku kipande cha boksi la sabuni). Halafu nikafika kwa Kiplangat. Thelathini na sita. Wa kwanza, tena kwa mbali. Wengine wote wa katikati walibaki katikati, kumi na nane, ishirini na mbili, hawakunishtua. Nikasema moyoni, tazama ajabu ya sayansi, imemtoa kijana aliyefichika nyuma ya darasa! Karibu nilie kwa furaha. Nikaandika orodha, nikampa Mwalimu Zakaria, akaitazama muda mrefu.

"Wairimu mbili?"

"Kipimo hakina upendeleo, Mwalimu Mkuu."

"Una hakika?"

"Alama hazina macho," nikamwambia, nikakimbilia lori la viazi lililokuwa linateremka Nakuru.

Jumapili alasiri niliporudi, shamba lote lilikuwa linanuka nyama choma. Mwalimu mkuu, maskini, alikuwa amesoma jina kanisani asubuhi kwa kuamini neno langu, na baba yake Kiplangat, Mzee arap Chumo, mtu ambaye tangu nimfahamu nilikuwa nimemsikia akisema maneno kama ishirini hivi, alikuwa amechinja kondoo dume na kuita majirani wote. Nilipotokea tu barabarani akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu," akasema, "miaka yote watu wananiambia huyu kijana ni wa ng'ombe tu. Wewe umemwona."

Ningefanya nini? Nikakaa. Nikaletewa mbavu. Nikaletewa figo, ambayo hupewa mtu wa heshima. Na kwa vile nilikuwa nimeshiba na watu wananitazama, nikasimama nikatoa hotuba (jamani, hotuba!) kuhusu aina za mitihani, nikawaambia wale wazee wa watu kwamba insha ni kama kumpima mtu kwa macho, lakini mtihani wangu ni kama mizani, nao wakaitikia kwa adabu huku wakitafuna. Kiplangat mwenyewe alikuwa anageuza nyama motoni, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyeambiwa kitu ambacho hajakiamini.

Nilipokuwa narudi chumbani kwangu nikamkuta Mama Wairimu amesimama kando ya njia, kikapu mgongoni.

"Mwalimu, hujambo?"

"Sijambo, Mama."

"Nimekuja kuuliza tu. Huyu mtoto ndiye anayenisomea barua za nyumbani. Ndiye anayehesabu kilo zangu za pareto, na karani hajawahi kumkuta na kosa. Leo hajala. Nataka nijue amekosea wapi nimwambie."

Mtu mwenye akili angesema, Mama, ngoja nikatazame tena. Mimi nilikuwa na figo ya heshima tumboni. Nikamwambia, "Mama, mapenzi ya mzazi ni mazuri, lakini kipimo ni kipimo."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya. Basi kipimo chako kimeona kitu ambacho mimi nimeishi naye miaka kumi na miwili sijakiona." Akaenda zake. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika.

Jumatatu ikafika. Supavaiza alikuja kutoka Nakuru kwa pikipiki, kaptura ya kaki imepigwa pasi ikasimama, soksi mpaka magotini, mtu mwembamba, mwenyeji wa huku huku kwetu, aliyefundisha kabla mimi sijajua kutambaa. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya shule, watoto mstari, meza imetolewa nje na juu yake karatasi zangu na kichungi. Mzee arap Chumo alikuwa amevaa koti la jeshi alilolitunza tangu vita. Mama Wairimu alikaa nyuma kabisa na binti yake, na Wairimu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Supavaiza akafungua rejista ya mwaka mzima, akaipitia kwa kidole. Halafu akachukua orodha yangu. Halafu akarudi kwenye rejista. Nikaona kidole chake kinakwenda kwa Wairimu, imla wa kwanza, hesabu wa kwanza, insha wa kwanza, kisha kinatua kwenye mbili.

"Mwalimu Wafula," akasema, si kwa ukali, "mtihani huu una majibu mangapi kwa kila swali?"

"Mawili, Bwana Supavaiza. NDIYO na SIYO."

"Sasa nikimchukua mtoto asiyejua kusoma kabisa, nikamfumba macho, nikamwambia atie alama popote, atapata ngapi?"

Nikafikiri. "Kama ishirini hivi."

"Kama ishirini hivi. Basi huyu aliyepata mbili, alifanyaje kuzikwepa zote hizo? Mtu akitaka kukosa maswali thelathini na nane kati ya arobaini, si lazima ayajue majibu vizuri sana?"

Hapo kitu kikaanza kunitambaa mgongoni, lakini mdomo wangu ulikuwa bado haujaambiwa. Nikasema kwa sauti ili wazazi wasikie, "Pengine Bwana Supavaiza angependa kuona jinsi kipimo kinavyofanya kazi," nikachukua karatasi safi, nikalaza kichungi juu yake kama nilivyokilaza Ijumaa, nikampa na maswali. Nikarudi nyuma hatua moja nikafunga mikono kifuani.

Yeye akavaa miwani, akainua sauti.

"Swali la kwanza. Jua huchomoza mashariki." Akachungulia tundu. "Kadi ya Mwalimu inasema, SIYO."

Mtu mmoja akakohoa.

"Swali la pili. Ng'ombe ana miguu sita. Kadi ya Mwalimu inasema, NDIYO."

Jamani, nyinyi hamjui kicheko cha wafugaji. Kilianzia kwa wazee wa upande wa kulia, kikazunguka kwa akina mama, kikafika kwa watoto ambao walijaribu kukizuia kwa viganja kikatokea puani, na supavaiza hakunihurumia, akaendelea, "Swali la tatu. Maziwa hutoka kwa jogoo. NDIYO," na mkamuaji mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, tuonyeshe huyo jogoo, sisi tumechoka kuamka alfajiri!" Mwalimu Zakaria alikuwa amefunika uso kwa rejista, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Nilikuwa nimeigeuza kadi. Hayo ndiyo yote. Nilikuwa nimeilaza kifudifudi, ya kushoto ikawa kulia na ya kulia ikawa kushoto, kila NDIYO ikawa SIYO, na kwa muda usiofika saa moja, nikipiga mluzi, nikawapindua watoto arobaini na wanne kama chapati.

Supavaiza akaigeuza, akahesabu mwenyewe. "Wairimu, thelathini na nane." Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akachukua karatasi ya Kiplangat, na nikatamani ukungu wa Molo ushuke palepale unifunike. "Kiplangat, nne."

Vigelegele vikakatika. Mzee arap Chumo akasimama polepole ndani ya lile koti lake la jeshi. Hakumtazama supavaiza, alinitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "kondoo nimeshachinja."

Hapo hakuna aliyecheka. Kiplangat alikuwa amesimama mwisho wa mstari, mrefu kuliko wote, masikio yamekuwa mekundu kwa baridi au kwa aibu, na aibu ile ilikuwa yangu, yeye nilimbebesha tu. Sijui nilipata wapi sauti. Nadhani ni woga. Nikasema, "Bwana Supavaiza, naomba kuuliza. Ulisema aliyepata mbili lazima anajua. Na aliyepata nne je?"

Akanitazama juu ya miwani. Ile ndiyo mara ya kwanza siku hiyo aliponitazama kama mwalimu. "Hilo," akasema, "ni swali zuri. Kijana, njoo hapa. Jua huchomoza wapi?"

"Mashariki."

"Ng'ombe ana miguu mingapi?"

"Minne." Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake nzito, "Isipokuwa wa Mwalimu." Watu wakaguna kicheko wakakimeza, maana walitaka kusikia.

Supavaiza akampitisha maswali yote arobaini kwa mdomo, moja moja, palepale mbele ya watu, na Kiplangat akajibu akiwa ameshika mikono nyuma, mara nyingine akieleza na sababu, kwa nini pareto huvunwa asubuhi umande ukikauka, kwa nini robo ya kumi na mbili ni tatu. Akakosa manne tu. Baba yake alikuwa bado amesimama.

"Sasa mbona karatasi yako imesema kinyume? Hapa kwa ng'ombe wa miguu sita umeweka X kwenye NDIYO."

"Kwa sababu si kweli, Bwana."

"Kwa hiyo?"

Kiplangat akanitazama kwa huruma, kama mtu asiyetaka kumchongea mwenzake. "X si ni ya makosa, Bwana? Mwalimu siku zote akiona kosa anaweka X. Daftari langu limejaa. Karatasi ilisema niweke X, haikusema wapi, nikaweka kwenye makosa yote."

Supavaiza akachukua karatasi, akasoma maagizo yangu kwa sauti: "Weka X kwa kila swali." Akarudia mara ya pili. Halafu yule mtu mkavu, soksi mpaka magotini, akaketi kwenye kiti, akavua miwani, akacheka mpaka akatafuta leso, na alipoanza yeye wote wakaanza, hata Mama Wairimu, hata Mzee arap Chumo, ambaye alikuwa akisema huku anapangusa macho, "Thelathini na sita! Kondoo hakufa bure!"

Mimi sikucheka. Nilikwenda mpaka nyuma, mbele ya Mama Wairimu, nikamwambia, "Mama, nisamehe. Uliniuliza vizuri nikakujibu vibaya."

"Mimi sina neno, Mwalimu," akasema. "Mwambie mtoto."

Miaka ile mwalimu hakuwa akimwomba mtoto msamaha, ilikuwa kama kuvua suruali. Nikachuchumaa. Nikasema, "Wairimu, nilikosa mimi. Wewe ulipata thelathini na nane."

Akachora kitu kwenye nyasi kwa kidole cha mguu. "Thelathini na tisa, Mwalimu."

"Vipi?"

"Swali la kumi na saba lilisema maji ya ziwa yananyweka. Hukusema ziwa gani. Ya Nakuru hayanyweki. Lakini shangazi yangu yuko Kamere, Naivasha, na huko wanayanywa, ndiyo maana nikaweka X kwenye NDIYO."

Nikasimama nikamwambia supavaiza, na supavaiza akaandika thelathini na tisa.

Basi nafasi ikawa ya Wairimu, kwa alama za mwaka mzima, kwa mtihani, na kwa insha niliyowapa darasa lote wiki hiyo hiyo kwa amri ya supavaiza, nikaisahihisha kwa mkono, karatasi arobaini na nne, chini ya macho ya Mwalimu Zakaria ambaye kila baada ya muda alipita akisema taratibu, "Usiharakishe, Mwalimu." Kiplangat naye, supavaiza alimwandikia barua ya kumwombea, na wiki mbili baadaye jibu likaja kutoka shule ya kati kwamba darasani dawati litapatikana, lakini bwenini kitanda hakuna. Mzee arap Chumo akasomewa hiyo barua, akauliza swali moja tu: kitanda kinatakiwa kiwe na urefu gani?

Akakitengeneza mwenyewe, kwa mbao za mtarakwa na kamba za ngozi, kirefu kwa sababu mwenye kulala alikuwa mrefu, na siku ya kuondoka tukakipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka stesheni ya Molo. Kilipokataa kuingia behewani nikashika miguu miwili na Kiplangat miwili tukakipitisha kwa ubavu, mkuu wa stesheni akipiga kelele kwamba garimoshi si gari la kuhamia, na Wairimu akiwa ameshakaa ndani kwenye sanduku lake, akituelekeza, "Kiinueni upande wa Mwalimu! Upande wa Mwalimu ndio uko chini!" Mama yake na Mzee arap Chumo walisimama pamoja kwenye jukwaa wakipunga mkono mpaka moshi ulipokwisha. Kiplangat baadaye akawa bwana mifugo wa kuheshimika. Wairimu akawa mwalimu, na ninasikia wanafunzi wake walimwogopa.

Mimi nikafundisha miaka thelathini na zaidi baada ya pale, na niliapa mambo ambayo sijayavunja: sijawahi tena kumpima mtoto kwa mtihani mmoja nikasema nimemjua, sijawahi kuandika agizo bila kumpa mtoto mmoja alisome na anieleze amelielewaje, na kama karatasi inasema kitu na macho yangu ya mwaka mzima yanasema kingine, nairudia karatasi kwanza. Na kila mtihani niliotunga niliufanya mwenyewe kabla ya kuwapa watoto, nimeketi kwenye dawati lao, magoti yamebana, saa iko mbele yangu. Mara ya kwanza nilipojaribu hivyo, kwa maswali yangu mwenyewe, niliyoyatunga jana yake, nilipata thelathini na tatu kati ya arobaini.